Vitasa vya Nyumba Namba Kumi na Tisa

Fungeni mlango wanangu, maana upepo wa Machi hauna adabu na mimi sina tena mwili wa kubishana nao, kisha vuteni viti mkae karibu, kwa sababu sauti yangu haifiki mbali siku hizi na maneno niliyonayo si ya kurudiwa mara mbili. Howard, weka hiyo simu mfukoni. Lorraine, acha kunikunjia blanketi, nimefunikwa vya kutosha, na huko niendako nitafunikwa zaidi. Na wewe Terence, usisimame hapo mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Njoo ukae kwenye kiti cha marehemu Clifford. Ninawaona wanangu wanavyotazamana. Wanajiuliza, Mama anatoa wosia, sasa Bwana Oddy, mpangaji wa chumba cha darini kule ng'ambo, ameitiwa nini? Nitawaambia. Nimechelewa miaka kumi na miwili, basi nivumilieni hii nusu saa.

Nianze na mepesi, kwa sababu yale mazito yanataka nipumzike kwanza. Saa ya baba yenu ni ya Howard, na aitie ufunguo kila Jumamosi kama alivyofanya baba yake, si siku anayokumbuka. Pete na cherehani ni vya Lorraine. Kabati la vyombo la bibi yenu lisiende kwa dada yangu Nellie hata akija na ndoo ya machozi; alilitaka siku ile mama alipozikwa, kabla hata chai haijapoa, na tangu hapo mimi na yeye tunaamkiana kama watu waliokutana stendi. Nimemsamehe Nellie. Kabati sikulisamehe. Mazishi yafanyike kwenye kanisa letu la Kimethodisti, mikate iwe na nyama ya kutosha, maana watu wa mtaa huu watakula huku wanahesabu. Mwosha madirisha ananidai wiki mbili. Mlipeni kabla hamjamlipa mchonga jiwe la kaburi, dawa ya deni ni kulipa.

Ninyi wawili najua mtagombana. Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, kwa hiyo gombaneni kidogo mmalize, lakini msipelekane kwa mawakili, maana nyumba ikishaingia kwa mawakili hutoka ukuta mmoja mmoja.

Nipe maji, Lorraine. Basi. Inatosha.

Sasa namba kumi na tisa. Sikilizeni vizuri. Kiwanda cha sufu kilipofungwa, baba yenu alipewa kiinua mgongo chake, na wenzake wakanunua magari, yeye akavuka barabara akanunua ile nyumba ya vyumba vitano, paa linavuja, choo kimoja. Akaipangisha chumba kimoja kimoja. Kila mlango na kitasa chake, kila mpangaji na karatasi yake na siku yake ya kulipa pango. Na kodi ya jengo, hii ya halmashauri ya mji, aliilipa yeye mwenyewe, mafungu kumi kuanzia Aprili, na Februari na Machi, ambazo hazina fungu, alikuwa anapumua kama mtu aliyetua gunia. Mimi nilikuwa namwambia, "Clifford, wale wanazolewa taka, wanawashiwa taa za barabarani, kwa nini ulipe wewe?" Naye ananijibu, "Hilda, mpangaji wa chumba analipia kitanda na mlango wake. Jengo ni langu. Nani aliyeona kuku wa mtu akidaiwa kwa jirani?" Na sheria ilikuwa upande wake. Ukipangisha watu chumba kimoja kimoja, kila mtu na kufuli yake, kodi ya jengo humwangukia mwenye nyumba. Ukiwapangisha nyumba nzima kwa mkataba mmoja, wakaishi kama kaya moja, huwaangukia wao, tena kwa namna mbaya: si kila mtu fungu lake, bali kila mtu anadaiwa yote. Wenzako wakikimbia, unabaki nayo wewe uliyebaki.

Hayo niliyajua. Naomba mtu asije akasema kaburini kwangu kwamba Hilda Sugden alikuwa mwanamke wa watu, hakujua sheria. Nilijua.

Baba yenu akafa mwezi wa Novemba, na Januari upepo ukaondoa nusu ya paa la namba kumi na tisa. Fundi akataja bei nikakaa chini. Aprili inakuja na fungu lake la kodi. Ndipo Howard, wakati ule ukifanya kazi kwenye ofisi ya kupangisha nyumba, ukaja ukakaa jikoni kwangu ukaniambia, "Mama, hiyo kodi si lazima uibebe. Waandikishe wote mkataba mmoja, halmashauri itawafuata wao." Nikakuuliza, "Na vitasa?" Ukasema, "Vitasa viondoke. Afisa akija akute nyumba, asikute gesti."

Usiinamishe kichwa, Howard. Ulikuwa na miaka thelathini na minne na ulitaka kumsaidia mama yako. Mimi nilikuwa na sitini na minane. Mwenye kosa ni yule aliyekuwa na umri wa kukataa.

Nikaoka keki ya tangawizi. Nikawaita wote watano jikoni kule ng'ambo, wanafunzi wawili wa chuo, yule binti aliyekuwa akihudumu kwenye baa, yule fundi wa malori, na Terence. Nikawaambia ni karatasi tu, mambo ya kuweka sawa kumbukumbu tangu Clifford afariki. Walitia saini huku wanapangusa makombo. Terence alitia wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekaa pale miaka mingi kuliko wote, na kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Kwa hiyo jina lake likakaa juu. Wale wanafunzi sheria haiwadai. Mnaona ilivyobaki.

Kisha vitasa. Terence, tulia, kunywa chai yako. Nilikuambia halmashauri imeleta kanuni mpya ya moto, kwamba milango ya vyumba isifungwe kwa ufunguo, watu wasije wakaungua ndani. Hakukuwa na kanuni kama hiyo. Ukaja Jumamosi na bisibisi yako ukafungua vitasa vitano, ukaziba matundu kwa puti, ukapiga msasa, ukapaka rangi, na hukutaka hata senti. Ulichoniuliza ni kimoja tu: "Bi Sugden, yule binti wa chumba cha pili atalalaje mlango wazi? Wale vijana si wabaya, lakini binti ni binti." Ukamwekea ndoana ndogo kwa ndani kwa hela yako. Mimi nilikupa pai ya nyama ukaondoka unanishukuru.

Ngojeni. Ngojeni kidogo, pumzi imekwama.

Afisa alikuja Jumapili ya... hapana, maafisa hawaji Jumapili. Alikuja Ijumaa, mama mmoja mpole, faili kifuani, viatu vimelowa. Akamkuta Terence barazani. Mimi nilikuwa jikoni kwao namenya viazi, nilijifanya nimepita tu kuona bomba. Akamuuliza, vyumba vina vitasa? Terence akamwonyesha milango, safi, rangi mpya. Akamuuliza, pango mnalipa vipi, kila mtu peke yake? Akasema, "Tunaweka pamoja kwenye bati la biskuti hapo jikoni, Bi Sugden anapitia Ijumaa," na ni kweli, bati lile nililileta mimi wiki ile ile. Akamuuliza mnakula vipi. Na hapo, wanangu, huyu mtu akanyanyua kifua. Akasema, "Jumapili tunakula wote meza moja. Bi Sugden anavuka barabara na nyama ya kuoka na pudingi zake, anatupikia yeye mwenyewe tangu mume wake akiwa hai. Wengine huku mtaani wanapangisha, dada. Hapa tunaishi."

Nilikuwa na kisu mkononi. Kati yangu na yeye kulikuwa na mlango uliokuwa wazi kiasi hiki. Ningeweza kutoka nikasema, mama, huyu bwana ni mpangaji wa chumba, ana karatasi yake tangu mwaka wa tisini na nne, na vitasa vyake viko kwenye droo yangu. Maneno machache tu. Nikachukua kiazi kingine nikamenya.

Barua ya kwanza ya kodi ilikuja na maneno "Bw. T. Oddy na wenzake", ikakaa kwenye kirafu cha barazani siku tisa, maana ninyi mnajua desturi ya nyumba za watu wengi, barua isiyo yako peke yako si yako kabisa, kila mtu aliigeuza akairudisha. Mwishowe Terence akaivusha barabara akaniletea. "Bi Sugden, wamekosea jina. Hii si yako?" Nikavaa miwani. Nikaisoma yote ingawa nilijua kilichomo. Nikamwambia, "Jina lako ndilo liko juu, mwanangu, na saini yako ndiyo ya kwanza. Ongea na wenzako mchange." Akasema, "Aa. Basi sawa." Hivyo tu. Huyu ni mtu ambaye akikanyagwa mguu kwenye basi yeye ndiye anaomba radhi.

Fundi wa malori akasema atachanga mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulimkuta Leeds. Binti wa baa alichanga mara mbili, akaondoka bila kuacha anwani. Waliokuja badala yao nikawaambia haiwahusu, wasije wakakimbia. Ikabaki kwa aliyebaki. Ikaja hati ya kuitwa mahakamani, na wanangu, shati alilovaa siku ile nililipiga pasi mimi. Nililipiga pasi kola na mikono, nikampa na peremende za njiani. Alisimama mbele ya hakimu pamoja na watu arobaini wa mji mzima, jina likasomwa, hata dakika moja haikutimia, na gharama za mahakama zikaongezwa juu. Madalali wa mahakama wakachukua baiskeli. Kisha wakaanza kumkata mshahara pale gereji ya mabasi anapoosha magari, na kila aliyekuwa ofisi ya malipo akajua kwamba Oddy, ambaye hajawahi kukopa hata kiberiti, anakatwa na mahakama.

Na lipo lililo kubwa kuliko baiskeli. Lorraine, wewe ulikuwa Doncaster, hukujua. Palikuwa na mama mmoja anaitwa Marjorie, mpishi wa shule, mcheshi, anacheka mpaka anashika ukuta. Yeye na Terence walikuwa wamepata vyumba viwili karibu na mfereji, vina bustani ndogo nyuma. Walitakiwa kuweka amana. Amana ya Terence ilikuwa kwenye mshahara ule unaokatwa. Akamwambia Marjorie ngoja kidogo. Marjorie alingoja miaka miwili, si kidogo hiyo, halafu dada yake akamwita Scarborough, na huko akaolewa na mtu mwenye duka la samaki wa kukaanga. Terence aliniambia habari hiyo mezani, Jumapili, akaomba chumvi.

Baada ya hapo nilirudisha kodi kwenye jina langu. Nilimwambia sheria imebadilika. Uongo juu ya uongo. Vitasa alivirudisha yeye mwenyewe, na akafurahi. Paa lilikuwa limeshalipiwa, unaona. Kila Jumapili tangu hapo nimempakulia kipande kinono kuliko changu, nikijidanganya kwamba nalipa kidogo kidogo, yeye akisema, "Unanidekeza, Bi Sugden," na mimi nikimwongezea viazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Alidhani kinachomla kiko halmashauri, kumbe kinamletea mchuzi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi nimeona nijiumbue mwenyewe, ningali na ulimi. Nimechoka, wanangu. Si ugonjwa huu ulionichosha. Nimechoka kumwona akinishukuru.

Terence. Naomba radhi yako. Sema neno. Nitukane ukitaka, hawa ni watu wazima, watavumilia.

Unauliza nini? Sikusikia, sogea.

Ndiyo. Nilisikia. Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia ulivyomwambia, neno kwa neno, mpaka hapo uliposema hapa tunaishi.

Ndiyo. Nikaendelea kumenya.

Mwache, Howard. Mwache apite. Usimshike mkono, wewe hasa usimshike. Lorraine, kaa. Mtu akitoka hivyo kwenye mvua hafuatwi na mwavuli. Ana haki ya kulowana.

Kikombe amekirudisha kwenye sahani yake. Umeona? Hata leo.

Haya. Nisikilizeni upesi, maana mishumaa yangu haina tena nta. Wakili alikuja Jumanne, na karatasi iko kwenye droo ya juu, chini ya vitambaa vya meza. Nyumba hii ninayofia ni yenu wawili sawa kwa sawa. Namba kumi na tisa nimeigawa mafungu matatu: theluthi kwa Howard, theluthi kwa Lorraine, theluthi kwa Terence Oddy. Si zawadi hiyo, Howard, usivute pumzi namna hiyo. Na si malipo pia, maana bustani ile ya nyuma ya mfereji hakuna theluthi inayoinunua. Kwanza, kabla hamjagawana hata kijiko, toeni kwenye akiba yangu yote aliyokatwa, pamoja na gharama za mahakama, pamoja na baiskeli. Risiti zake ninazo. Aliniachia nimtunzie, kwa sababu chumba chake kilikuwa hakina kitasa.

Akiikataa theluthi, na anaweza kuikataa, msiseme basi, mwenyewe hataki, mkaigawana kabla ya kiangazi. Iacheni ikae. Isubirieni kama Marjorie alivyomsubiri yeye, na zaidi. Na maadamu yu hai, nyumba ile isiuzwe juu ya kichwa chake, na darini asilipe pango.

Na kodi ya jengo mlipe ninyi wenye nyumba. Mafungu kumi, Aprili mpaka Januari. Iongezeni kwenye pango kama mnaona nzito, muiseme waziwazi mtu anapoingia, aijue, akubali au aondoke. Lakini jina litakaloandikwa kwenye bahasha liwe Sugden. Mtu akiwaambia kuna ujanja, na ujanja upo, miaka yote upo, mwambieni mama yetu aliufanya, ukafaulu.

Howard, njoo. Karibu zaidi. Sikulaumu, nimesema, na sitarudia. Usimwombe msamaha leo. Mwombe siku utakayokuwa huna la kupoteza wala la kupata kwake, na uende kwa miguu. Lorraine, wewe una moyo wa kuchukua mizigo ya watu; huu usiuchukue. Pendaneni. Mpigiane simu hata kama hamna habari. Mungu awape usingizi mzuri, awape meza yenye watu, na asiwape kamwe siku ya kumsikia mtu akiwasifia mkiwa nyuma ya mlango. Radhi yangu mnayo, wote wawili, mbele na nyuma, nendeni nayo. Yake mimi sina. Nimeiomba, sikupewa, na ninyi msiende kuniombea, hiyo haikombolewi na watoto.

Nyanyua mto kidogo. Hapo. Pazia lisogeze, nione ng'ambo.

Taa ya darini haijawaka. Atakuwa anazunguka mtaa.

Nitafumba macho kidogo tu, lakini silali, namngoja. Akija, niamsheni, hata niwe vipi. Na akikuta... Lorraine, unasikia? Akikuta nimekwenda, msimwambie kwamba nilikuwa namngoja. Ametozwa ya kutosha.